Mvua Iliyopita Ng'ambo

Juma lililopita simu zililia karibu kwa pamoja katika ofisi ya walimu, hapa ninapofundisha, upande wa Sironga. Ujumbe ulisema mvua kubwa ya mawe ingeshuka mchana huo katika sehemu za juu za Kisii na Nyamira. Tuliwaondoa watoto uwanjani, tukafunga madirisha, tukangoja. Mbingu ikawa nyeusi tii, ngurumo zikazunguka vilima, upepo ukapiga milango. Kisha jua likatoka. Msichana mmoja wa darasa la nne, aliyekuwa amekumbatia bakuli tangu asubuhi, akaniuliza, "Madam, mbona imetupita?"

Nilimfokea mpaka akalia. Walimu wenzangu walinishangaa na sikuwaeleza kitu. Wewe nitakueleza.

Nililelewa na nyanya yangu kwenye mteremko mmoja si mbali na Birongo. Chini ya shamba letu palipita mto mwembamba, mtu mzima angeuruka, na ng'ambo yake kulikuwa na kilima kingine chenye chai kama yetu na migomba kama yetu. Mtu akikohoa kule, huku tulimsikia. Alfajiri moshi wa jikoni kwao ulipanda sambamba na wetu, na sisi watoto wa pande zote mbili tulikuwa tayari ndani ya chai, sketi zimelowa umande hadi kiunoni, vidole vikichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kabla ya kukimbilia shule. Jioni tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, zile mboga chungu za mgagani, zilizolazwa kwenye maziwa hadi uchungu ukatulia. Mpaka leo nikisikia harufu ya mboga hiyo nakuwa na miaka kumi na moja.

Ng'ambo hiyo ndiko alikotoka msichana niliyeketi naye dawati moja. Tuligawana kifutio, tuligawana viazi vya kuchemsha, na tuligawana nafasi mbili za juu darasani, ila mgawanyo huo haukubadilika kamwe: yeye wa kwanza, mimi wa pili. Nyanya hakujua kusoma, lakini umbo la namba mbili alilijua vizuri. Aliitazama ripoti yangu, akaikunja, akasema, "Wa pili ni wa kwanza kushindwa." Lililomuumiza zaidi ni kwamba aliyenishinda alikuwa mtoto wa mama yule. Ng'ombe wao aliwahi kuvuka mto akala mahindi yetu, na tangu siku hiyo nyanya na mama yake rafiki yangu hawakuwa wakisalimiana, hata kanisani.

Mwaka huo tulikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa sayansi, mtu wa koti la kahawia na ulimi kama wembe, alitufundisha juu ya theluji. Rafiki yangu akauliza kama inaweza kuanguka kwetu. Mwalimu akacheka. "Nyinyi theluji mtaiona mkishakufa, mkipita juu ya mlima kwenda mbinguni. Kama mtakubaliwa." Halafu, labda kwa kutuhurumia, akatuambia kwamba mvua ya mawe ni binamu ya theluji, kwamba jiwe moja ukilikata katikati utaona duara ndani ya duara, kama kitunguu, kwa sababu limepanda na kushuka mawinguni mara nyingi kabla ya kuanguka. Atakayemletea mawe hayo, alisema, atasimama mbele ya darasa wakate pamoja.

Sisi tulikuwa tumeona mawe madogo ya hapa na pale, yale yanayoyeyuka kabla hujainama. Mawe ya kujaza chombo tulikuwa tukiyasikia kwa wazee tu. Rafiki yangu alininong'oneza, "Tukiyapata, tutakata sisi wawili."

Basi siku moja redio ya nyanya, ile iliyofungwa mpira ili betri zisidondoke, ikatangaza kwamba mvua ya mawe ilikuwa njiani kuja kwetu. Kesho yake nyanya alinizuia kwenda shule. Tulichuma tangu kucha, tukichuma hata majani ambayo hayajakomaa, ili mawe yasipate cha kuharibu. Alifunika miche ya mboga kwa majani ya migomba huku akiomba kwa sauti Mungu aizuie mvua. Mimi nilikuwa nyuma yake, kikapu mgongoni, nikiomba kimoyomoyo ije.

Ilikuja saa tisa. Nilisimama uani na sufuria mikononi. Kwanza kimya, hata kuku waliacha kuparura, halafu ukasikika mngurumo kama watu elfu wanaomwaga mahindi juu ya mabati. Ila mngurumo haukuwa juu yetu. Matone matatu manne yalinigonga usoni, basi. Pazia jeupe lilishuka ng'ambo ya mto likafuta kilima, na lilipoinuka, kilima chote kilikuwa cheupe, cheupe kama vumbi la mawe wanayochonga kule Tabaka. Upande wetu majani yaling'aa kijani, hayajaguswa.

Nililia kwa uchungu. Kila kitu kizuri kilikwenda kwake, niliwaza. Hata mvua ilijua nani ni wa kwanza.

Nyanya alitoka jikoni, akatazama ng'ambo kwa muda mrefu, akacheka. Hakuwa mtu wa kucheka. "Mvua ina macho," alisema.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, nilitoka mapema na ile sufuria, nikaruka mto. Mawe yalikuwa bado yamerundikana kivulini, makubwa kama mayai ya njiwa, yameshikana. Chai yao ilikuwa vijiti vitupu. Migomba ilikuwa imechanwa kama vitambaa vya deki. Mabati yao ya zamani yalitoboka, na rafiki yangu alikuwa ndani akikusanya maji sakafuni kwa kikombe. Mama yake alikuwa uani akikusanya vifaranga waliokufa kwenye ungo.

Ningeweza kurudi. Nilimwambia, "Mama, nilikuwa naomba mawe kidogo."

Alinitazama, akatazama sufuria. "Nyanya yako ndiye amekutuma?"

"Hapana, mama. Ni ya shule."

Aliichukua sufuria, akaijaza kwa mikono yake hadi juu. Halafu akachagua kifaranga mmoja kwenye ungo, akamlaza juu ya mawe, taratibu, akitabasamu kama mtu anayepakua chakula cha mgeni. "Mpelekee," alisema. "Mwambie tumempikia."

Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Nilikumbatia sufuria, nikageuka. Nilipofika mtoni nilimtupa kifaranga majini, nikakimbia shule kabla mawe hayajayeyuka.

Mwalimu alinisimamisha mbele. Alikata jiwe kwa kisu, na kweli, duara ndani ya duara. Darasa lote lilipiga makofi. Dawati letu lilikuwa tupu; rafiki yangu hakuja shule.

Sabato ilipofika, wakati wa shuhuda, nyanya alisimama akiwa na kitambaa chake cheupe kichwani. Alisema mvua ya mawe ilishuka hadi mtoni ikaambiwa na Bwana, hapa usivuke. Kanisa likaitikia amina. Mama yake rafiki yangu alikuwa benchi la tatu, viganja vyake vimechubuka kwa kuokota vipande vya mabati. Nilimtazama. Na yeye pia alisema amina.

Bila chai hapakuwa na kitu nyumbani kwao, na baba yake rafiki yangu aliamua kwamba kaka zake wasome kwanza. Majuma machache baadaye walimpata Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa Kisii mjini, aliyehitaji msichana wa kubembeleza mtoto. Siku ya kuondoka alipita kwetu, mfuko wa plastiki mkononi, akasimama nje ya ua. Nyanya alikuwa jikoni. Rafiki yangu hakuzungumza juu ya kazi wala mji.

"Yale mawe," aliuliza, "yalikuwa na duara ngapi?"

Zilikuwa tano. Nilizikumbuka vizuri, nilizihesabu mwenyewe. Lakini nilikuwa bado na ule wivu, na tabasamu la mama yake akimlaza kifaranga lilikuwa bado linaniwasha. "Ungekuja shule ungeona," nilimjibu.

Aliitikia kwa kichwa polepole kama aliyepewa jibu kamili, akashika njia.

Muhula uliofuata nikawa wa kwanza. Nyanya alichinja kuku na kunipa firigisi, heshima ambayo kwetu hawapewi watoto, nikaila yote. Nafasi ile sikuiacha tena. Ndiyo iliyonifikisha sekondari, chuoni, na mbele ya ubao ninaposimama leo.

Nyanya alishazikwa zamani. Mashamba yamekatwakatwa, mikaratusi iliyopandwa kando ya mto imeunywa hadi umebaki mfereji wa matope, na katikati ya vilima viwili wamejenga nyumba za kukodisha zenye redio kubwa, hata mtu wa ng'ambo akifa akikohoa humsikii.

Mwaka jana nilimkuta rafiki yangu yule sokoni, Kisii mjini, akiuza ndizi. Nilimtambua kwa namna alivyoinamisha shingo. Nilimwamkia kwa Ekegusii, "Bwakire," nikamwita kwa jina lake la utotoni. Aliniangalia muda mrefu, nami nikaona wazi kwamba ananijua. Kiswahili kwetu ni lugha ya shule, ya ofisi, na ya watu tusiowajua.

"Karibu, madam," alinijibu kwa Kiswahili. "Unataka za kupika ama za kuiva?"

Nilinunua mkungu mzima nisiouhitaji. Aliufunga vizuri kwa kamba, akanishukuru, akamgeukia mteja aliyefuata, mzee asiyemfahamu, akamsalimia kwa Ekegusii.