Roboti Aliyeaga Mlangoni

Katika chumba cha mashine nne za kufuma sweta za shule, ubishi haukosekani, na mwenye chumba, ambaye wafanyakazi wake walimbatiza Mama Sweta, si mtu wa kushindwa kirahisi. Siku hiyo walibishania visa vya anga za juu. Mpiga pasi alimsifia mfalme wa sayari ya barafu. Binti wa kushona vifungo alikuwa na mapacha wake wanaosafiri kurudi zama za kale. Mama Sweta aliwaacha wamalize, akavuta mkono wa mashine yake hadi mwisho wa safu, ndipo akasema kwamba katika vyote vilivyowahi kuonyeshwa kwenye televisheni, hakuna kinachofua dafu mbele ya kile cha roboti aliyeaga.

Walikijua. Nani asikijue, na amewasimulia mpaka masikio yakaota sugu?

Utotoni mwake, televisheni ya nyumbani ilikuwa bubu. Spika iliungua, na baba yake akagoma kuitengeneza, akidai kwamba picha ndiyo kazi, maneno kila mtu anayo kinywani. Basi kaka yake ndiye aliyewasemea wote waliomo. Nahodha akawa mkali kama baba, wavamizi wakagombana kama shangazi zao, na yeye, kitinda mimba, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Katika kisa kile, roboti mkongwe amebaki na msichana mmoja ndani ya chombo kinachovuja hewa. Anafungua mlango wa nje, anageuka, na taa ya kifuani mwake inawaka kila anenapo. Kaka alimsemea taratibu, bila mzaha: "Mdogo wangu, usinisubiri hapa mlangoni, utashikwa na baridi. Kula, ulale. Popote nitakapokuwa, nitakukumbuka." Kisha akazima televisheni, akasema kisa kimeisha.

Wiki hiyo hiyo, kaka alikorofishana na baba, akaondoka alfajiri kwenda kutafuta maisha. Tangu hapo, kimya. Mama yao alikata roho akimuulizia. Mama Sweta alizeeka na dukuduku moja, na hakulificha. Kuondoka si kosa, alisema, watu huondoka. Lakini kumpita mdogo wako amelala, usimwambie hata kwaheri, hilo alishindwa kulimeza. Alimpenda kaka yake kupita kiasi, ndiyo maana alimkasirikia hivyo.

Sasa binti yake mwenyewe, aliyechoshwa na ubishi usio na ushahidi, alikitafuta kisa kile kwenye simu mpaka akakipata, kizima na kimetafsiriwa. Wakati wa chakula cha mchana walizima mashine, wakakusanyika mezani. Mama Sweta alivaa miwani na kujiweka sawa, kama mtu anayengoja mgeni.

Roboti akafika mlangoni. Akageuka. Taa ikawaka.

"Bolti za upande wa kushoto zimelegea," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Natoka kuzikaza. Niandalie spana kubwa."

Akatoka, akazikaza, akarudi zake ndani. Chombo kikaondoka, kila mtu salama salimini.

Mpiga pasi alicheka mpaka akashika meza. Alisema miaka yote hiyo walikuwa wanalishwa chumvi tupu. Mama Sweta alimwomba binti yake akirudishe nyuma pale mlangoni, halafu akirudishe tena, na kila mara zilikuwa bolti zile zile.

"Labda umechanganya na kisa kingine, mama," binti alisema kwa upole.

"Sijachanganya. Maneno yale hayakuwa ya roboti. Yalikuwa ya kaka yangu."

Kicheko kikakatika. Alivua miwani. Hasira aliyoilea tangu utoto ilimtoka hivi hivi, na kilichobaki ni hamu ya kumwona.

"Alikuwa ananiaga," akasema. "Na mimi nikamuuliza kama roboti atarudi."

Binti yake akamshika bega, akamuuliza mjomba alijibu nini.

"Alisema nikalale."