Vidukari wa Nyansiongo

Tangu Joyline aondoke, jiko la Bathsheba lilijaa kimya kilichokaa kama mgeni asiyejua kuaga. Alizoea kumsikia mkaza mwanawe akiimba nyimbo za Sabato huku akimenya ndizi, akikatiza wimbo ili aulize: kwa nini siafu huogopa majivu? Kwa nini sisimizi huwalinda vidukari, wale wadudu weusi wanaofyonza migomba?

Maswali hayo ndiyo yaliyomponza. Migomba ya Bathsheba kijijini Sironga ilipoanza kudumaa, majani yakisongamana kileleni kama ufagio, Joyline ndiye aliyebandua maganda ya shina akaonyesha vidukari wanaoeneza ugonjwa huo. Bathsheba akakumbuka machipukizi ya migomba ambayo binti huyo alikuja nayo kutoka kwao Nyansiongo.

"Mbona unawajua hivyo? Si ulikuja nao wewe!" alimwambia mbele ya majirani.

Kesho yake Joyline akafunga nguo zake. Duke, mumewe, alimfuata, akarudi peke yake.

Kisha akaja Thadeus, mtafiti wa wadudu, na burashi yake ndogo. Alikusanya vidukari Sironga, Nyansiongo na Kebirigo, akaenda zake. Mvua zilipokatika alirudi na jibu.

"Mama, hawa hawahitaji madume. Jike huzaa majike, na binti ni nakala ya mama yake. Tumesoma vinasaba vyao, tukajua koo zao."

"Kijiji cha wajane!" Bathsheba akacheka. "Na wangu ni ukoo gani?"

"Wa Nyansiongo ni wengine kabisa. Wako ni ndugu wa wale wa Kebirigo. Wengine huota mabawa na kuruka, kwa hiyo siapi walifikaje kwako. Lakini kuna mche uliotoka huko?"

Kicheko kilimkauka. Ugonjwa ulianzia kwenye kona ya shamba alipopanda chipukizi alilopewa na dada yake Persis, aliyeolewa Kebirigo. Mgeni haondoki mikono mitupu, na chipukizi la zawadi halikaguliwi.

Asubuhi alivaa gauni la kanisani akaenda Nyansiongo. Joyline alikuwa akikamua ng'ombe, hakuinuka.

"Mama, umekuja kuwakagua vidukari wetu?"

"Wenu hawana hatia, mtafiti wa wadudu amewapima. Wale walitoka kwa Persis, nikawabeba mimi kwa mikono hii. Nilikusingizia mbele ya majirani, na mbele yao nitasema."

Maziwa yaliendelea kulia ndooni. Kisha yakanyamaza.

"Amejuaje, huyo mtafiti?"

"Anasema hawana madume."

"Hawana? Wanazaaje?"

"Twende ukamuulize mwenyewe."

Migomba ile iling'olewa ikachomwa. Joyline anaishi tena Sironga, na kila msimu humkusanyia Thadeus vidukari.