Ibada ya Watu Wawili

Sifa kwa Mungu, aliyeniacha niuone mji wetu ukizaliwa na ukifa, na bado ananiamsha kila asubuhi.

Hapa kando ya mto, mbali kidogo na Mkwajuni, dhahabu ilipoonekana watu walijaa hadi vibanda vikagusana. Jumapili wachimbaji waliacha mabuti yao ya matope mlangoni mwa kanisa, na mimi, mzee wa kanisa, nikisema, "Bwana akae nanyi," waliitikia kwa kishindo. Dhahabu ilipopungua waliondoka, na wenye maduka wakawafuata. Nyasi zikafunga njia ya mtoni.

Mwisho tulibaki wawili, mimi na mama mmoja aliyekuwa akiwapikia wachimbaji. Jumapili iliyopita nilisimama mbele nikasema kama kawaida, "Bwana akae nanyi."

Mama akacheka. "Mzee, hao 'nanyi' ni akina nani? Niko peke yangu!"

"Ndivyo tulivyofundishwa, mama."

"Haya, akae nawe pia." Kisha sauti yake ikashuka. "Kesho mwanangu anakuja kunichukua, nikaishi naye Itumba. Nani atakuitikia?"

Nikafungua kitabu cha nyimbo. Tuliimba wimbo wa mwisho, taratibu kuliko siku zote.

Leo nimeongoza ibada peke yangu. Nilipofika kwenye maneno yale nilisita, kisha nikayasema yote, "nanyi" ikiwemo. Nikangoja. Nilisikia mto tu, nikaendelea na sala.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie usikose mtu wa kukuitikia.