Mkalimani wa Mayai

Dessalew alijipa sifa ambayo hakuna mwingine aliyewahi kumpa: kwamba Kiuzbeki chake ni fasaha kama cha redioni. Kisa hiki hukisimulia mwenyewe, akijicheka kabla hujamcheka wewe.

Alizaliwa kijijini Gojam. Alipoingia chuo Addis Ababa, wenzake walimcheka kwa Kiamhari chake cha shamba hadi akaapa kusema kama watu wa mjini. Kabla kiapo hakijazaa, akapelekwa Tashkenti, mji mkuu wa Wauzbeki, kusomea ufugaji. Huko akampenda Anajon, binti wa Khorezm, mkoa wenye Kiuzbeki chake, wakaoana, wakahamia kwao mjini Khiva. Kiuzbeki akakiokota jikoni kwa mama mkwe. Miaka ikaenda, akasahau kwamba jiko lile ni la Khorezm.

Basi wakaja wageni kutoka Ethiopia kutazama shamba la kuku huko Tashkenti, akaitwa awe mkalimani. Akanunua tai mpya.

"Baba watoto," Anajon akamwonya, "kule usiseme kama tunavyosema hapa."

"Kwani hapa tunasemaje?"

"Kama hapa."

"Mama watoto, mimi nimesoma."

Ukumbini aliwakaribisha wenyeji: "Galing, galing." Safu ya mbele ikainamisha vichwa kuficha kicheko, maana Tashkenti watu husema keling. Kisha akafika kwenye mayai. Badala ya tuxum, akasema yumurta, tena kwa sauti ya mhubiri. Bi Mavluda, mkuu wa shamba, alijikaza mpaka machozi yakamtoka.

"Samahani, ndugu yangu. Umetoka Afrika au Khiva?"

"Afrika, kupitia Khiva."

Ukumbi ukaangua kicheko. Dessalew akawageukia Waethiopia, angalau ajifiche kwa watu wake. Kiongozi wao, Bwana Yihenew, naye alikuwa akijifuta macho, na Kiuzbeki hajui hata neno.

"Wewe nawe unacheka nini?"

"Kiamhari chako, kaka. Bibi yangu wa Gojam alisema hivyo hivyo. Tangu tumzike sijakisikia. Hebu endelea."

Ndipo Dessalew alipotambua kwamba miaka yote ile, kwa kukosa wa kuongea naye, Kiamhari chake kilikaa kama alivyotoka nacho kijijini. Akalegeza tai, akaendelea na ushamba wake wa pande mbili. Siku ile, asema, waliomsikiliza bila kucheka ni kuku tu.

"Walikuelewa?" Anajon aliuliza aliporudi.

"Sana. Kila upande ulijua kijiji changu."

Mwaka uliofuata aliitwa tena. Bi Mavluda hakutaka mkalimani mwingine. Safari hii Dessalew akaamua kujinoa mapema. Asubuhi mezani, akiwa amenyoosha mgongo, akamwomba mama mkwe ampitishie tuxum, si yumurta.

Mama akasita, sahani mkononi. Akamwinamia binti yake.

"Mwanangu, tumemkosea nini mkwe? Mbona leo anatusemesha kama polisi?"