Dua ya Mama Imeingia Kwenye Kipaza Sauti

"Mcheza karate akishaingia kwenye filamu, basi ameuza mikono yake." Hayo aliyaandika shemeji yangu kwenye grupu la familia, na watu wakampa vidole gumba. Admin, nifiche jina, lakini hoja hii sitaiacha ipite. Mikono yangu sijaiuza. Kumrushia mtu teke la kichwa likampita upana wa kidole, asiguswe, na mtazamaji akaapa amesikia taya likivunjika, kunataka adabu zaidi kuliko ulingoni. Shemeji mwenyewe hajawahi kukunja ngumi ila kwa kugonga mlango.

Nina miaka hamsini na moja, Mpemba, naishi Hounslow, huku Uingereza. Nimefundisha karate nusu ya umri wangu, kisha nikaingia filamu za mapigano. Kazi yangu ni kufa. Naangushwa ngazini, natupwa dirishani, na jina sina. Mama, ninayeishi naye, kila ninapotoka kwenda kazini hunishika viganja, akasoma dua yake na kunipulizia. Nami kabla ya kupigana huirudia kimoyomoyo, midomo ikitikisika tu, ili nisiumie wala nisimuumize mwenzangu.

Mwezi uliopita midomo ilitoa sauti, na nilikuwa nimefungwa kipaza sauti kifuani. Mwongozaji akanijia mbio.

"Hayo maneno ni nini?"

"Dua ya mama yangu."

"Inatisha. Nimempata mhalifu wangu mkuu."

Ndiyo nafasi niliyoisubiri miaka yote: jina, maneno ya kusema, sura yangu mpaka mwisho wa filamu. Sharti ni moja. Kila nitakapomuua mtu, nisome kwanza dua ile. Nikamwambia nitasema chochote kingine kwa Kiswahili, hata bei za samaki. Akatikisa kichwa: "Ukisema kingine, uso wako haubadiliki vile." Nimesoma vitabu vingi juu ya namna watu wa huku wanavyotuchora Waislamu kwenye filamu, na nimeshagombana na wengi kwa ajili hiyo. Siku ile nilimwomba muda wa kufikiri, maana kuhusu uso wangu alisema kweli.

Binti yangu ananiambia, kwa Kiingereza chake, kwamba ni filamu tu. Nikikataa, magoti haya hayatangoja nafasi nyingine. Mama hajui kitu. Jana alinimiminia chai akaniuliza, "Safari hii nayo watakuua mapema?"

"Safari hii nafika mpaka mwisho, mama."

"Dua zangu hizo," akasema, akacheka peke yake.

Jumatatu natakiwa nisaini. Shemeji, najua unasoma ukurasa huu. Wewe kaa kimya. Nawataka ninyi mnaoigiza huku, mliokwisha kulitaja jina la Mungu mbele ya kamera huku mmeshika kisu cha plastiki. Pole zenu sizihitaji. Niambieni nisaini au nisisaini, na mseme ukweli: mliporudi nyumbani na mama akataka kuwashika viganja, mliweza kumpa?