Fahali wa Shukrani na Alama ya Zambarau

Niliondoka Kitale nikiwa na hasira. Mdogo wangu Nekesa, aliyeolewa Bungoma, alinipigia simu akanisimulia mvua, mahindi na majirani, kisha akachomekea mwishoni ati titi lake limevilia damu, rangi ya zambarau, na hajajigonga popote. Titi lenyewe ndilo lililotibiwa saratani kwa mionzi miaka iliyopita. Jirani yangu muuguzi alinieleza kwamba ni nadra sana, lakini ngozi iliyopigwa mionzi huweza baadaye kuota saratani nyingine, ya mishipa ya damu, nayo huanza kama alama tu. "Aende apimwe," alisema. Nekesa akakataa. Basi nikamfuata.

Asubuhi nilipata lifti kwenye pikapu ya kabichi. Njiani, pale Misikhu, tulisimama tukala mahindi ya kuchoma, dereva akinihubiria siasa mpaka nikasinzia.

Bungoma, saa sita mchana, Nekesa alinipokea kwa kuku na ugali. Nikala kwanza, mimi si mjinga. Kisha nikauliza mbona hataki hospitali.

"Dada, si nilitoa shukrani? Tulichinja fahali. Nilisimama mbele ya kanisa nzima nikasema nimepona. Sasa nikirudi huko, wale walikula watasema nini?"

"Watasema alikuwa mtamu."

Alicheka, halafu akalia. Nami nikalia, maana niliogopa kumpoteza.

"Ulishukuru kwa ile ya kwanza," nikamwambia. "Hii, kama iko, ni ingine. Mungu hatakasirika ukipimwa, bana."

Kesho yake tulikwenda. Daktari alikata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, nami nikabaki Bungoma kusubiri majibu, nikinenepa kwa kuku. Majibu yalikuwa mabaya: ni saratani ile ya nadra. Lakini ilikuwa bado ndogo, haijasambaa. Nekesa alifanyiwa upasuaji, titi likaondolewa.

Kabla sijarudi Kitale, kidonda kilipokauka, tulienda kanisani pamoja. Nekesa alisimama. "Nilisema nimepona," akasema. "Leo naongeza: bado najiangalia, na nikiona kitu nitaenda."

Nilijifunza kwamba shukrani haimkatazi mtu kujichunguza. Nilitaka kumwambia hivyo njiani, lakini mama mmoja wa kwaya, aliyekula fahali wetu kuliko wote, alikuwa amemvuta kando ya mlango. Alikuwa akimuuliza kwa sauti ya chini hospitali hufunguliwa saa ngapi.