Moshi wa Bisibisi

Pale mjini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bisibisi, kwa sababu chombo hicho hakikumtoka mkononi hata saa ya kula, na kwa sababu kwa kukizungusha tu aliweza kulifanya lori lililochoka lipande mlima na mzigo. Kazi yenyewe si ya kujivunia. Unafungua skrubu ya pampu, injini inamiminiwa dizeli kuliko inavyoweza kuunguza, nguvu inapatikana, na ziada inatokea nyuma kama moshi mweusi tii. Siku ya ukaguzi unaikaza. Kesho yake unaifungua tena.

Miaka hiyo vitunguu vilikuwa vimeutajirisha mji. Barabara iliwekwa lami, nyumba za bati zikaota kila upande, malori yakajaa mpaka watu wakakosa pa kuvukia. Mkutanoni, afisa kilimo alisema uchumi umekua, na hewa ya ukaa ya malori ya mazao imekua nao bega kwa bega. Watu wakapiga makofi kwa yote mawili. Bisibisi naye alipiga.

Asubuhi moja dereva aliyejaza magunia mpaka juu ya kingo alikuja kumbembeleza.

"Mzee wangu, fungua zaidi ya siku zote. Mlima ukinigomea, vitunguu vitaniozea."

"Litatoa moshi kama tanuri."

"Si moshi unabaki nyuma? Mimi nitakuwa mbele!"

Wakacheka. Bisibisi akaongeza mzunguko mzima.

Lori lilipoondoka, alikuwa bado ananawa mikono bajaji ilipopita. Ndani alikuwemo mkewe, amempakata mjukuu wao, yatima wa binti yao, wakienda kliniki ng'ambo ya mlima. Akawapungia. Kisha akatazama mlimani, na mkono ukamgandia hewani.

Lori lilikuwa linatambaa kwenye kona. Nyuma yake moshi ulikuwa umeziba barabara, ukingo hadi ukingo. Bajaji ikaingia humo, ikapotea. Kutoka juu, basi lilikuwa linashuka likipiga honi mfululizo.

Bisibisi alikimbia na kiatu kimoja, akimwita mkewe kwa sauti asiyoijua kuwa ni yake. Akasikia breki zikilia. Halafu hakusikia kitu tena, na kimya hicho ndicho kilichomtisha kuliko honi.

Bajaji ilikuwa imelala mtaroni. Dereva wake alikuwa amekaa chini. Mke wa Bisibisi alikuwa kando yake, uso mweusi kwa masizi, amemkumbatia mtoto aliyetulia mno. Bisibisi akampokea, akamtikisa, akamwita. Mtoto akakohoa, akakohoa tena, ndipo akalia. Hajawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

"Sikuona hata mkono wangu," mkewe alisema. "Basi limetupitia hapa, puani."

Simu ikalia. Aliipokea huku amembeba mtoto, kidole kikabonyeza kipaza sauti.

"Mzee wangu!" dereva wa lori alishangilia. "Limepanda kama tupu! Ule mzunguko wako ni dawa! Nimeshawaambia wenzangu, wawili wako njiani kwako!"

Bisibisi hakuthubutu kuinua macho. Mkewe alinyoosha mikono, akamchukua mtoto kutoka kwake.